Sura ya Tano: Baada ya Mbeleko

Swali hili huulizwa kliniki ya watoto, kwenye foleni ya mashine ya kusaga na nje ya madrasa jioni: mtoto akishapandwa na hasira au hofu, akajigaragaza chini na kupiga mayowe hadi sauti ikakauka, afanyweje atulie? Ameshaambiwa anyamaze. Ameshatishiwa sindano. Ameshaahidiwa soda. Ndiyo kwanza anazidi.

Magoma, kata ya Korogwe Vijijini katika bonde la Mto Lwengera, ina majibu mengi kuliko inavyojijua. Upande mmoja Usambara Magharibi inapanda kuelekea Lushoto, upande wa pili ni Usambara Mashariki, na katikati ni mkonge, mahindi na joto. Humo mama anayekwenda shambani na mtoto mgongoni hutumia mambo manne kwa mpigo bila kuelekezwa na mtu: kanga iliyobana, mdundo wa hatua, joto la mwili na wimbo usiobadilika. Mtoto wa miezi sita akilia, hakuna anayemhutubia. Anabebwa, anapigwapigwa mgongoni, anatembezwa.

Kisha anafika miaka mitatu. Mbeleko inahamia kwa mdogo wake. Kuanzia hapo akilia anapewa maneno, na maneno yakishindwa anaonyeshwa fimbo. Sura hii inashikilia jambo moja: mwili wa mtoto wa miaka minne, sita, hata tisa, bado unatulizwa kwa yaleyale yaliyokuwa ndani ya mbeleko. Amekuwa mzito mno kubebwa, basi. Na tofauti na mtoto mchanga, huyu anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa nini "nyamaza" haisikiki

Mwili ukihisi hatari, hata kama hatari yenyewe ni embe alilopewa dada, moyo hukimbia, pumzi huwa fupi na misuli hukaza. Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima maneno na kuzuia pupa, hufanya kazi kwa shida. Kwa mtu mzima hali hiyo hupita haraka kwa sababu sehemu hiyo imekomaa. Kwa mtoto bado inajengwa, na ujenzi wake huendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Kumweleza mtoto aliye katikati ya mayowe kwamba embe jingine litapatikana kesho ni kuzungumza na mtu ambaye kwa dakika hizo hayupo.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia hasira za watoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitano. Takriban robo tatu ya hasira hizo ziliisha ndani ya dakika tano. Waliona pia kwamba hasira yenyewe, yaani mateke na mayowe, hupanda mapema na kushuka, huku huzuni ikiendelea chini kwa chini mpaka mwisho. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akirusha ngumi ghafla ananyoosha mikono abebwe. Wazazi wengi husoma hapo ujanja: "Ulikuwa unajifanya tu!" Hakujifanya. Hasira imepungua, huzuni imebaki.

Kabla ya kwenda mbali, kuna neno moja la kuelewana: hisi. Ni njia ambazo mwili hupata habari. Shuleni tunafundishwa tano, yaani kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Kuna nyingine mbili ambazo hazitajwi sana, na kwa kumtuliza mtoto hizo ndizo zenye nguvu. Moja ni hisi ya mwendo na mizani, inayotoka kwenye vimirija vyenye majimaji ndani ya sikio. Ndiyo inayokujulisha, hata ukifumba macho, kwamba basi limekata kona. Ya pili ni hisi ya misuli na viungo. Ndiyo inayokuwezesha kupeleka tonge mdomoni gizani bila kulipeleka puani. Shughuli za hisi ni kazi au michezo inayochaguliwa ili kuulisha mwili habari za aina hizo saba, kwa kiasi kinachomfaa mtoto.

Mkono mzito, si mkono wa kutekenya

Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani wa tiba kazi, ndiye aliyefungua mlango huu kwa kitabu alichokitoa mwaka 1972. Tiba kazi ni tiba inayomsaidia mtu kuweza shughuli zake za kila siku: kuvaa, kula, kucheza, kuandika. Ayres aliona watoto ambao darasani walihesabiwa wakorofi au wazito, kumbe taabu yao ilikuwa katika kupanga habari za hisi.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji. Usonji ni hali ya kuzaliwa nayo inayobadilisha namna mtu anavyowasiliana na anavyopokea hisi. Grandin alipokuwa msichana alitamani kukumbatiwa, lakini mikono ya watu ilimlemea. Akiwa kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wakiingizwa kwenye kizimba chembamba chenye kuta zinazobana ili wachanjwe, na baadhi yao wakatulia mara tu walipobanwa. Akajitengenezea mashine ya mbao ya kumbana yeye mwenyewe, ambayo aliweza kuikaza na kuilegeza atakavyo. Baadaye akawa profesa wa sayansi ya wanyama. Katika kisa chake watu hukumbuka mbao na ng'ombe, lakini la kuzingatia zaidi ni kwamba mwenye kushika usukani wa kubana alikuwa yeye.

Mguso una aina zake. Mguso mwepesi wa ghafla, kama wa inzi au wa kutekenya, huamsha mwili. Mguso mzito na wa taratibu huutuliza. Ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za fahamu zinazoitikia vizuri mkono unaopita polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Ni mwendo wa bibi anayempaka mjukuu mafuta ya nazi bila haraka, siyo wa mama anayekimbizana na kengele ya shule.

Nyumbani, mgandamizo hauhitaji mashine. Mtoto anaweza kufungwa kanga mabegani na kifuani kwa kumkaza, uso na shingo vikiwa wazi. Anaweza kuviringishwa kwenye mkeka, kichwa nje, akawa chapati huku "mpishi" akimkandia mgongo kwa viganja. Anaweza kukumbatiwa kutoka nyuma, mikono ikiwa imetulia bila kupapasa. Wapo wasiotaka kuguswa kabisa wakiwa na hasira. Hao wapewe mto wa kukumbatia, au wakae wamebanana na ukuta pembeni, mtu mzima akiwa karibu na kimya. Kumuuliza "Nikukaze?" kunachukua sekunde moja, na jibu la kutikisa kichwa linatosha.

Bembea ya kamba ya katani

Mwaka 1986 madaktari wa Montreal, Kanada, waliwagawa akina mama 99 wenye watoto wachanga katika makundi mawili. Kundi moja liliombwa kuongeza muda wa kubeba watoto kila siku, hata wakiwa hawalii. Walipofika wiki sita, umri ambao kilio cha watoto wachanga huwa kileleni, watoto wa kundi hilo walilia asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Mjini Montreal hiyo ilikuwa habari. Magoma ni Jumanne ya kawaida.

Watafiti wa Japani walikwenda mbali zaidi mwaka 2013 kwa kupima mapigo ya moyo. Mama aliyempakata mtoto na kukaa hakupata matokeo sawa na aliyembeba akatembea: kwa anayetembea, kilio kilipungua, mtoto aliacha kujitupatupa, na moyo wake ulipunguza mbio papo hapo. Mwaka 2022 walitoa hata ratiba: kutembea naye dakika 5 kwa mwendo usiokatika, kisha kukaa naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza, ili asishtuke anapotengana na mwili wa mzazi.

Mtoto mkubwa habebeki, lakini mwendo bado ni dawa yake. Kamba ya katani kwenye tawi la mwembe, kibao katikati, na kuna bembea. Mwendo wa kwenda na kurudi, polepole na kwa mdundo mmoja, hutuliza. Kuzungushwa duara na kusimamishwa ghafla hufanya kinyume chake: huchangamsha, na kwa wengine hutibua tumbo. Kwa hiyo mtoto aliyezungushwa kama pia na binamu zake saa moja usiku kisha akagoma kulala hana ukaidi wowote, amepewa kilichomwamsha. Kuruka kamba na kombolela vina nafasi yake saa kumi jioni, wakati nguvu zinatafuta pa kutokea.

*Kwa ufupi: kinachotuliza ni kizito, cha polepole na kinachojirudia. Kinachoamsha ni chepesi, cha haraka na cha kushtukiza. Mtoto huhitaji vyote viwili, ila kwa saa tofauti.*

Kazi ya mikono

Hisi ya misuli na viungo hushiba pale misuli inaposukuma, inapovuta au inapobeba. Hapa kijiji kina utajiri ambao kliniki za mijini hununua kwa fedha nyingi. Wazazi wa mijini huagiza masanduku yaliyojaa vitu vya kushikashika. Ua wa mkulima una gunzi la mahindi.

Tazama kupukuchua. Punje ya kwanza ni ngumu, inadai gumba likaze. Zinazofuata zinaachia kwa safu, zinadondoka kwenye ungo kwa sauti ileile. Mikono ina kazi, macho yana pa kutua, na hakuna anayemtazama mtoto usoni akimdai majibu. Watoto wengi huanza kusimulia kilichowaudhi hapo, gunzi la pili au la tatu, bila kuulizwa. Kukanda unga wa chapati, kuchambua maharage, kufinyanga udongo wa mtoni, kutwanga kwa mchi mdogo, kusukuma toroli tupu, kufua nguo zake na kuzikamua: zote zina jambo hilohilo la nguvu kidogo inayojirudia.

Milima hii ina historia ndefu na wazo hilo. Lutindi, juu milimani wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki, na imejulikana kwa kuwashirikisha wagonjwa katika kazi za mikono: chai, bustani, ufumaji. Wagonjwa wa Lutindi ni watu wazima wenye maradhi yanayohitaji dawa, na mtoto aliyekasirika si mgonjwa. Kinachowaunganisha ni mikono inayopewa kazi yenye mdundo wakati kichwa kimechafuka.

Tahadhari moja, na bonde la mkonge lina sababu ya kuisikia. Kazi ya kumtuliza mtoto ina mwisho wake mkononi mwake, akichoka anaacha. Ikishageuka kuwa debe la kujaza kabla ya kula, hiyo ni ajira, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Uzito nao uwe wa kiasi. Kipimo kinachotumiwa sana ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake: mtoto wa kilo 20 abebe kilo 2, yaani kidumu cha lita mbili, wala si ndoo.

Pumzi na mdomo

"Vuta pumzi, utulie," huambiwa mtoto, naye huvuta pumzi kubwa na kuendelea kulia kwa nguvu mpya. Siri iko kwenye kutoa. Tunapovuta hewa moyo huongeza mwendo kidogo, tunapoitoa hupunguza. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, moyo hupata nafasi ya kushuka.

Mtoto wa miaka minne haelewi maelezo hayo, lakini anaelewa kupuliza. Apewe unyoya wa kuku aupulize usianguke. Apulize makapi ya mpunga kiganjani. Atengenezewe mrija wa bua la jani la mpapai, uliooshwa vizuri utomvu ukatoka na kukauka, apulize mapovu kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Mwenye tabia ya kunyonya badala ya kupuliza apewe maji matupu kwanza. Kupepeta na kupuliza nafaka jioni ni zoezi kamili la pumzi, na chakula kinapatikana.

Mdomo nao una misuli yenye nguvu. Kutafuna kitu kigumu hutuliza watoto wengi, hasa wale wanaotafuna kola za mashati na penseli. Kipande cha muwa hufanya kazi hiyo vizuri kwa mtoto mkubwa mwenye meno. Meno yasafishwe baadaye, kwa sababu sukari ni sukari.

Hali ya hewa pia inasaidia ikitumiwa kwa akili. Magoma, ambako mchana wa Februari huunguza, maji ya baridi usoni na kwenye viganja, au miguu ndani ya beseni, hushusha joto na ghadhabu kwa pamoja. Lushoto mwezi wa Julai, beseni hilohilo litamliza upya. Huko ni uji wa moto na blanketi.

Wakati wa kuondoa, si kuongeza

Mpaka hapa tumezungumzia kumpa mtoto kitu. Wapo ambao tatizo lao ni kwamba wamepewa vingi mno. Mashine ya kusaga, bodaboda zisizo na ekzosi, spika ya matangazo inayozunguka kijijini, korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, yenye ngurumo na harufu ya majimaji yanayochacha: wengi wetu tumeshazizoea. Mtoto ambaye masikio au pua yake hupokea kwa ukali zaidi hajazizoea, na kila siku ya soko anaanguka mahali palepale, mbele ya spika ileile, huku watu wakisema amedekezwa.

Hili huonekana sana kwa watoto wenye usonji. Milima ya Usambara ina bahati ya kuwa na watu wanaolijua. Shule ya Irente Rainbow, ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, nje kidogo ya mji wa Lushoto, hupokea watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Huko Magamba, Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, kilichoanza mwaka 2007, kilijenga jina kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Mzazi wa Magoma hana haja ya kuamini kwamba msaada uko Dar es Salaam pekee.

Kwa mtoto wa namna hii, jambo la kwanza ni kupunguza. Aende sokoni asubuhi kabla watu hawajajaa. Aondolewe kwenye kelele kabla ya kuulizwa chochote. Nyumbani apewe kona: mkeka, kanga ya kujifunika, kitu kimoja anachopenda kushika, nusu giza. Kona hiyo isiwe gereza. Mtoto akitumwa huko kama adhabu, haitamtuliza tena.

Ni kipi kisichothibitika

Biashara ya shughuli za hisi imekua kuliko ushahidi wake. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wanachama wake kwamba tiba za hisi zinaweza kutumika kama sehemu ya mpango mpana, lakini wazazi waambiwe kwamba utafiti kuhusu ufanisi wake ni mchache. Miaka miwili baadaye, Uingereza, blanketi zenye uzito zilijaribiwa kwa watoto 67 wenye usonji waliokuwa na shida ya usingizi. Hawakulala zaidi kuliko walipojifunika blanketi za kawaida. Hata hivyo, watoto na wazazi walizipenda zaidi zile nzito.

Matokeo hayo yanapaswa kumfariji mwenye kipato kidogo. Kama blanketi la bei ghali halikulishinda lile la kawaida kwa usingizi, hakuna sababu ya kukopa kwa ajili yake. Kanga, mkeka na bembea vijaribiwe kwa wiki mbili tatu. Kisichomsaidia mtoto huyu kiachwe, hata kama kilimsaidia wa jirani.

Yapo ya kuepuka moja kwa moja:

- Maharage, punje na vitu vidogo kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Huishia puani, masikioni au kwenye njia ya hewa.
- Kumfunika uso, au kumviringisha mtoto mchanga kwa kitu kizito.
- Beseni la maji bila mtu mzima kando, hata kwa dakika moja.
- Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kutumiwa ili mtoto anyamaze.
- Kujaribu jambo jipya kwa mara ya kwanza hasira ikiwa kileleni. Yafundishwe akiwa ametulia, kama mchezo.

Na mtu mzima je? Mtoto husoma mwili wa aliye mbele yake kabla ya kusikia sauti yake. Bibi anayeketi chini polepole, akashusha mabega na kusema "Njoo, baba, unipukuchulie" amefanya zaidi ya nusu ya kazi. Mama aliyetoka shambani na jua kichwani, mwenye watoto wanne na moshi wa kuni machoni, hawezi kuwa hivyo kila mara. Kumlaumu ni upuuzi. Kumpokea mtoto kwa dakika kumi ni msaada, na shangazi, kaka mkubwa au jirani anaweza kuutoa.

Lini uende zahanati

Hasira za kawaida hupungua kadiri maneno yanavyoongezeka, na nyingi huwa zimelegea mtoto anapofika umri wa kuanza darasa la kwanza. Zahanati isicheleweshwe iwapo mtoto anapoteza maneno aliyokuwa nayo, anajiumiza kwa kupiga kichwa au kujing'ata, haitikii sauti, anakodoa macho na kukakamaa au kutingishika, au kila tukio huchukua karibu saa nzima. Kukakamaa kunaweza kuwa kifafa, ambacho kina dawa. Kutoitikia kunaweza kuwa sikio. Kutoka zahanati, rufaa inaweza kumfikisha kwa wataalamu wa tiba kazi katika hospitali kubwa, KCMC ya Moshi ikiwa mojawapo.

Kabla ya kwenda, daftari la kurasa chache lisaidie kumbukumbu kwa wiki moja: saa, mahali, kilichotangulia, kilichofanywa, muda uliopita hadi akatulia. Mhudumu atauliza hayo yote, na "analia tu kila siku" halimpi pa kuanzia. Mara nyingi daftari hilo humjibu mzazi kabla ya kufika kwa mhudumu: saa saba mchana, njaa, karibu na mashine.